Swali la Tisa

Kaa hapo kwenye robota, Shaame. Si uchafu, ni usumba tu,
utakung'ang'ania suruali mpaka ufike Chake.
Toa karatasi yako. Kalamu ina wino?
Mwaka juzi alikuja mwenzako, kalamu imemkaukia,
akaazima ya mtoto wa chuoni, akaandika mawili matatu,
akenda zake. Kisha tukasikia redioni
kwamba sisi wa Konde tumefanikiwa.

Tumefanikiwa! Na siku hiyo mashine imelala,
mkanda umekatika, fundi yuko Unguja anangoja barua,
barua inangoja saini,
mwenye saini yuko semina.
Wiki kumi na moja.

Basi mara hii andika polepole.

Umeuliza tumeajiri wangapi. Andika wawili:
Mkasi, na kijana wa Bi Riziki asiyesikia vizuri,
ambaye makelele ya mashine hayamdhuru kitu.
Chini yake, ijapokuwa hukuchorewa kisanduku,
andika Bikombo.
Bikombo alikuwa akipiga makumbi kwa rungu tangu mimi sijaolewa,
jioni anarudi na elfu tatu na kikohozi.
Mashine ilipofika, mkono wake ukakosa kazi.
Sasa anauza vitumbua, na kikohozi kimepungua.
Sijui nimtie kwenye faida au kwenye hasara.
Wewe una shahada, mtafutie pahala.

Mauzo: daftari lile juu ya kopo, lifungue mwenyewe.
Kabla, mizigo arubaini kwa mwezi.
Sasa mia na kumi. Ramadhani, themanini.
Usione haya kuandika themanini.
Hesabu inayopanda tu, haishuki,
imepikwa hiyo.

Umeridhika, umeridhika sana, hukuridhika.
Hapo paruke kwanza.
Nani atasema hakuridhika na alichopewa bure mbele za watu?
Lakini si bure, Shaame, usiniambie bure.
Anayenunua kibiriti dukani kwa Hamadi kachangia.
Muuza pweza wa Tumbe, kwa kila kilo ya sukari, kachangia.
Mkwe wangu akitia vocha kachangia,
naye hajui hata mashine hii ina rangi gani.
Hao ndio wanaouliza. Wewe umeazimwa mdomo.
Nikikudanganya wewe, nimemdanganya mkwe.

Haya, la tisa. Soma tena.

*Kama msingesaidiwa, leo mngekuwa wapi?*

Mkasi, hebu izime hiyo.

Banda tungejenga. Mbao tulikwisha nunua,
risiti ziko humo humo daftarini. Banda msijihesabie.
Mashine tungeichangia miaka mitatu, minne,
pengine tukagombana kabla haijatimia.
Lakini yule msichana wa mafunzo, Time binti Makame,
aliyekaa nasi wiki mbili akatugawia ukurasa kwa mstari,
kilichoingia huku, kilichotoka huku,
akaandika ubaoni *mali bila daftari huisha bila habari*,
yule tusingelimpata.
Hata kumhitaji tulikuwa hatujui.
Tulikuwa tunauza kamba kwa bei ya enzi za babu,
kila mzigo tunapoteza mia tatu
na tunamshukuru Mungu.

Andika mashine imesaidia.
Andika chaki imesaidia zaidi,
ili kesho wakiwa na fedha ya kimoja tu
wajue wakate wapi.

Na Shumba, wasipokufungulia mlango, usiwapite.
Asiyejibu si kwamba hana neno.
Nasikia kule kuku anatagia ndani ya mashine,
na kuku naye, kwa haki, ni mnufaika.

Sasa nisomee. Kwa sauti, Mkasi naye asikie.
Hapo pa mkanda:
umeandika wiki kumi na moja,
au umeandika "changamoto"?